Kuku wa Chumba Namba Saba

Mimi nina hasira za karibu, na hilo nalisema mwanzoni ili mtu asije akalalamika kwamba sikumwonya. Wanafunzi wangu wa mapokezi na huduma za hoteli, hapa Kilosa, wanalijua. Wakiniona nimevua miwani na kuiweka mezani kabla kipindi hakijaanza, wanatulia wenyewe bila kuambiwa.

Mtaala mpya ulipokuja, miwani ilikaa mezani wiki nzima. Tuliambiwa sasa basi kuwaandikia wanafunzi ubaoni, wao wananakili tu, kengele inalia, tunaagana. Kozi za kumwandaa mtu kwa ajira zifundishwe kwa visa. Unampa mwanafunzi tukio lililotokea kazini, anasoma, anajadili na wenzake, anasema yeye angefanya nini. Kwenye makaratasi wameliita uchunguzi kifani. Wazo lenyewe nililipenda. Kilichonipandisha mori ni visa vilivyokuja pamoja nalo. Cha kwanza kilihusu hoteli ya ghorofa kumi na mbili, ambako mgeni amekasirika kwa sababu maji ya bwawa la kuogelea hayana joto la kutosha.

Nikawasomea hivyo hivyo. Darasani nina vijana wa Kidodi waliokua wakikimbilia miwa inayodondoka kwenye malori, nina wa Mikumi ambao mama zao wanauzia abiria mahindi ya kuchoma, na nina watoto wa wafugaji kutoka Tindiga. Wakajadili dakika arobaini, kwa bidii kabisa. Mwishowe wakaamua kwa kauli moja kwamba mgeni aombwe kusubiri jua litoke. Ilibidi nigeukie ubao nijifanye nafuta kitu, maana kicheko kilikuwa kimenifika kooni. Lakini nilipofika nyumbani nilijiuliza hawa watoto watapokea wageni wapi, kwenye ghorofa ya kumi na mbili au kwenye gesti za Mikumi. Nikachukua kalamu nikaandika kisa changu mwenyewe.

Kabla sijasomea ualimu niliwahi kukaa mapokezi ya gesti moja pale Mikumi, ya vyumba tisa, pembeni ya barabara ya Iringa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona najua kazi. Kilichonipata kwenye chumba namba saba nilikuwa sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Nikakiandika kama kilivyotokea. Ila kwa kuwa nilikuwa sasa ni madamu mwenye heshima zake, yule binti wa mapokezi nikampa jina la Mhudumu A.

Kisa kilikuwa hivi. Dereva wa lori amechukua chumba namba saba, amelipa. Ndani ameacha begi, taulo, kandambili, na kuku mzima wa kuchoma ndani ya hotipoti, halafu ameenda gereji kusimamia springi ya gari lake. Saa nane mchana basi linaharibika jirani na gesti. Abiria wanashuka, na mmoja wao ni mzee mfugaji, shuka begani, fimbo mkononi, amechoka. Anaingia mapokezi. Mhudumu A anamwamkia shikamoo, mzee anaitikia marahaba mwanangu, anasema anataka kujinyoosha kidogo. Vyumba vyote vimejaa. Mhudumu A anafungua mdomo aseme hivyo, neno halitoki. Badala yake mkono wake unaonyesha benchi lililo mwisho wa ukumbi.

Mzee anaufuata mkono. Kabla ya benchi kuna chumba namba saba, mlango uko wazi kwa sababu sakafu imetoka kudekiwa. Anaingia, anakaa kitandani, anavua viatu, anaomba maji. Mhudumu A anajiambia nitamwambia akishakunywa. Anaporudi na maji, hotipoti imeshafunguliwa. Mzee kwao mgeni akifika hukuta chakula, na hapa amekikuta, kwa hiyo anakula na kuisifu nyumba. Mhudumu A anajiambia nitamwambia akishanawa. Akishanawa mzee anaoga, anajifuta kwa taulo la dereva, anavaa kandambili za dereva, anajilaza.

Dereva anarudi saa kumi, mikono ina grisi, njaa inamuuma. Anasukuma mlango, anamkuta mzee wa watu kitandani. Na dereva naye kalelewa, afanyeje? Anaamkia. Mzee anaitikia marahaba, anasogea kidogo, anamkaribisha akae.

Hapo ndipo niliposimama na kalamu. Kisa kilihitaji mwisho, na mwisho wenye fundisho, la sivyo darasa lingekiona ni kichekesho tu. Basi nikaandika: "Mhudumu A alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo." Hilo nililitunga. Sikufukuzwa. Lakini nilijiona mwalimu mkali, na mwalimu mkali hamwachi mzembe aende hivi hivi.

Siku nilipowagawia, darasa liliwaka. Sijawahi kuona wanafunzi wanachangia mjadala vile. Wote walikuwa upande mmoja, na upande wenyewe haukuwa wangu. Kijana mmoja wa Kidodi alisema mtu wa namna hiyo hafai hata kufagia uani. Mwingine akasema tatizo lilianza kwa aliyemwajiri. Binti wa Mikumi, ambaye mama yake ana mgahawa, alisema kwa upole kabisa kwamba kuna watu wamezaliwa hawana akili ya kazi na si kosa lao. Masikio yalikuwa yananiwaka moto. Nikajikuta nauliza kwa sauti ya juu kama wamefikiria kwamba huenda huyo dada alikuwa anaumwa siku ile. Wakanitazama. Mmoja akauliza kwani madamu unamtetea? Nikavaa miwani nikawaambia waendelee.

Nyuma kabisa kulikuwa na binti wa Tindiga, wa familia ya wafugaji, mpole, ambaye hadi siku ile hakuwa amesema kitu darasani. Akanyoosha mkono.

"Madamu, yule mzee alishiba?"

Darasa zima lilicheka. Nikamwambia hilo si swali, kaa chini. Akakaa.

Kisa kikapata miguu. Walimu wa mapishi wakakiazima, wa usafi wa vyumba wakakiazima. Mkuu wa chuo alikipenda kupita wote, akakisoma mbele ya wazazi kwenye mahafali, na mwaka uliofuata akakisoma tena. Chuoni mtu akiunguza wali, wenzake wanamwita A. Mlinzi akisahau funguo, A huyo. Nami nacheka pamoja nao, moyoni najikunyata. Kuna siku nilimwaga chai ofisini, mhasibu akaniambia, madamu, leo umekuwa A. Nilimnunia mpaka Ijumaa.

Basi, ukafika wakati wa fildi. Wanafunzi wakatawanywa kwenye hoteli na gesti kufanya kazi miezi miwili, kila mmoja na kitabu chake, ambacho mwisho wake meneja anapaswa kukitia saini. Bila saini hakuna cheti. Yule binti wa Tindiga alipangwa Mikumi, kwenye hoteli moja yenye ukumbi wa mikutano. Nilimtembelea mara moja nikamkuta yuko vizuri, kola imepigwa pasi, anatabasamu. Nikaondoka nimefurahi.

Wiki ya mwisho ikaja barua. Meneja alikataa kusaini, na akaeleza kwa kirefu kwa nini. Siku moja hotelini kulikuwa na semina ya maofisa, na chakula cha mchana kilikuwa kimeandaliwa ukumbini, meza kuu na kitambaa chake na maua yake. Binti aliwekwa mlangoni kupokea wageni. Wakatokea wazee watatu waliokuwa wametembea kutoka mnadani, wakaomba maji ya kunywa tu. Yeye akainamisha kichwa, wakamgusa utosini mmoja mmoja kama ilivyo kwao. Na kwao mgeni haulizwi ametoka wapi wala anataka nini kabla hajatia kitu tumboni. Hakuwauliza. Aliangalia wapi kuna viti vizuri, akaona meza kuu. Akawakalisha pale, akawapakulia.

Mgeni rasmi alipoingia na msafara wake, kiti chake kilikuwa na mzee anayemalizia paja la kuku. Mgeni rasmi ni mtu wa miaka arobaini, suti nzuri, tai. Alisimama. Ukumbi mzima ukasimama. Kisha akafanya lile ambalo yeyote aliyelelewa angelifanya, akamwamkia. Mzee akaitikia, akamwambia karibuni wanangu, chakula kipo kingi. Mgeni rasmi akavuta kiti cha plastiki akakaa pembeni. Niliambiwa baadaye kwamba alikula vizuri na alicheka sana. Aliyekosa kucheka ni meneja. Barua yake ilimalizia kwa kusema kwamba mwanafunzi huyu hana ukarimu unaohitajika katika sekta hii. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu, maana nilidhani miwani ina ukungu.

Nikamwita binti. Hakulia. Alinieleza taratibu kwamba baba yake alimruhusu mbele ya ndugu zake wote aache ng'ombe na kuja kusoma, na hao baba zake wakubwa na wadogo walisema pale pale kwamba atarudi mikono mitupu. Akirudi bila cheti, si yeye tu aliyeshindwa, ni baba yake, na nyuma yake kuna wadogo zake wawili wa kike ambao hawataruhusiwa hata kuuliza habari ya chuo. Kisha akasema anaelewa, kwa sababu amesoma kisa cha Mhudumu A.

Jamani.

Kikao cha kamati ya kuamua habari ya cheti chake kilikuwa Jumatatu asubuhi. Mkuu wa chuo, mratibu wa fildi, walimu wawili na mimi. Mkuu ni mtu wa haki, simsingizii, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Alikuja na nakala ya kisa changu, amepiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya sentensi ya mwisho. Akatusomea. Akasema hatuwezi kufundisha hivi darasani halafu tukatenda vingine ofisini, hao wanafunzi watatuonaje. Mratibu akatikisa kichwa kukubali. Wakanigeukia mimi mwenye kisa, wakitegemea nimalizie.

Nikavua miwani nikaiweka mezani. Wakajiweka sawa vitini, maana walidhani nitafoka. Hata mimi nilidhani nitafoka.

"Mkuu, Mhudumu A hakufukuzwa."

Akaniambia imeandikwa hapa.

"Niliandika mimi, na nilidanganya. Mhudumu A ni mimi."

Mratibu aliinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikudondoka. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Mkuu alinitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena. Mimi nilikuwa nimeshaanza, na nikishaanza sina breki, nikawaeleza yote.

Mwenye gesti ile alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye sauti nzito. Siku ile alirudi kutoka sokoni akakuta dereva ananifokea ukumbini, maana kumfokea mzee hakuthubutu. Mama akasikiliza. Akaingia chumbani, akamwamkia mzee, akamuuliza kama amepumzika. Akatoka, akampa dereva chumba anacholala yeye mama mwenyewe, akaagiza kuku mwingine. Kisha akaniita nyuma ya jikoni. Nilienda nikiwa nimeshapanga moyoni jinsi nitakavyofunga begi. Akanipa yule kuku ninyonyoe. Nikiwa nanyonyoa akakaa kwenye kinu akanifundisha kazi. Aliniambia sikukosea kumheshimu yule mzee, nilikosea mpangilio. Mgeni mkubwa mpe kiti kwanza, kisha maji, na akiwa amekaa na amekunywa ndipo umwambie vyumba vimejaa. Akiambiwa amesimama ataona amefukuzwa, akiambiwa amekaa atakushukuru. Kiti nje pale, si ndani ya chumba cha mtu.

Ndiyo hayo tu. Kwa dakika zile kumi za manyoya ya kuku nilijifunza kazi ambayo imenilisha mpaka leo. Na nilipokaa kuandika kisa, hayo ndiyo niliyoyaacha, nikaweka la kufukuzwa. Nikawaambia kamati kwamba kama ningefukuzwa siku ile, wangekuwa wanatafuta mwalimu mwingine wa mapokezi, na sasa tunataka kumfukuza mtoto wa watu kwa sentensi niliyoitunga mimi kwa sababu ya aibu. Sauti yangu ilikatika hapo, na sipendi kusema hivyo, lakini ilikatika.

Mkuu alipangusa uso kwa leso. Alichosema kwanza ni kwamba amekisoma kisa hiki kwenye mahafali mara mbili. Nikamwambia najua, nilikuwepo. Kisha akasema kamati haiwezi kutia saini mahali pa meneja. Twende Mikumi mimi na binti, tuongee naye. Akisaini, cheti kipo. Akikataa, basi.

Tukaenda kesho yake. Njiani binti alikuwa amekishika kile kitabu cha fildi kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa napanga hotuba. Nilipanga hotuba tatu, zote za ukali. Lakini tulipoingia ofisini nikamwona meneja, kijana wa miaka thelathini na kitu, kumbe ningeweza kumzaa. Akasimama haraka.

"Shikamoo mama."

Hotuba zote zikanitoka kichwani. Nikamwitikia marahaba mwanangu, kwa sauti ya yule mzee wa chumba namba saba, taratibu, na nikatembea hadi kwenye kiti kikubwa kuliko vyote mle ndani, ambacho kilikuwa nyuma ya meza yake. Nikakaa. Nikavua viatu. Nikamwambia safari imenichosha, naomba maji.

Akatoka mwenyewe kuyafuata. Aliporudi alikuwa ameleta maji na soda, na akabaki amesimama upande ule wanaposimama wageni. Kwenye meza kulikuwa na kisahani cha korosho. Nikachukua moja. Nikachukua ya pili. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, na sikujua kama anaogopa au anacheka. Meneja alifungua mdomo, akaufunga. Akaukuna mkono. Akafungua tena mdomo.

"Niambie nitoke kwenye kiti chako," nikamwambia.

Hakuweza. Alijaribu, namshukuru kwa kujaribu, alifika hadi kwenye "mama, samahani," akakwama. Kisha akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka akalazimika kushika ukuta. Nikaondoka kwenye kiti nikampa. Nikamweleza habari ya kiti, maji, kisha neno, na nikamwambia kwamba binti hakufundishwa hayo kwa sababu mwalimu wake aliyaficha. Kama kuna wa kuandikiwa barua, ni mimi, na anuani anayo.

Meneja alimgeukia binti. Akampa sharti la wiki mbili za nyongeza, pale pale mlangoni, ajifunze kumkalisha mzee kwenye benchi la nje na kumwambia ukweli akiwa anakunywa maji. Binti alikubali kabla meneja hajamaliza kusema. Wiki mbili zilipokwisha nilirudi kumchukua. Kitabu kilikuwa na saini na muhuri, na chini yake meneja ameandika kwamba wazee wanaopita njiani wanamuulizia kwa jina.

Siku ile tukakaa stendi ya Mikumi kusubiri gari la kurudi Kilosa. Nilinunua kuku wa kuchoma, tukamweka katikati yetu kwenye karatasi. Binti hakula kwanza. Alikuwa na jambo. Mwishowe akaniuliza kama sasa anaweza kuuliza tena lile swali lake.

Katika madarasa yote niliyofundisha kile kisa, miaka yote ile, watu walinihesabia makosa ya Mhudumu A hadi wakamaliza vidole. Hakuna mwingine aliyewahi kuuliza habari ya mzee. Na mimi nilimkalisha chini.

Nikamwambia alishiba. Alikula kuku mzima akabakiza bawa moja, akalifunika ndani ya hotipoti, na alipokuwa anaondoka alimwambia mama mwenye gesti kwamba hilo ni la binti aliyempokea. Mama akaniletea nyuma ya jikoni kabla hajakaa kwenye kinu, mikono yangu ikiwa imejaa manyoya ya yule kuku wa pili, nami bado nalia kwa kudhani nimefukuzwa. Nililila lote.